Ndimu na asali kwa madoa ya chunusi: usijipake kwanza

Pole dada. Umeuliza kama ndimu na asali kweli huondoa madoa ya chunusi kwa siku 7, kama alivyoahidi yule uliyemsoma. Nakuomba usijipake.

Tazama maneno yake. "Asilia asilimia 100" si sawa na salama. Upupu nao ni wa asili. "Inatoa sumu kwenye ngozi": sumu ipi? Hataji hata moja. Na hizo siku 7? Tabaka la juu la ngozi huchukua kama wiki 4 kujifanya upya, na doa la chunusi kwenye ngozi nyeusi huweza kukaa miezi. Huyo anakuuzia maneno matupu.

Ndimu ndiyo inayonitia hofu hasa. pH yake (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ni kama 2, ya ngozi ni karibu 5. Tena ina kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza. Mdogo wangu alijipaka asubuhi akaenda sokoni. Siku ya pili shavu limetoka malengelenge, na alama nyeusi ikabaki zaidi ya miezi miwili. Alikuwa anafuta doa dogo kama punje ya mtama!

Acha kutumbua chunusi, paka krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi kila siku, na muulize mfamasia au daktari wa ngozi kuhusu asidi ya azelaiki, dawa ya kupaka ya chunusi na madoa yake, ambayo imefanyiwa utafiti. Kama tayari umepaka ndimu leo, osha kwa sabuni na maji mengi, halafu usitoke juani.