Mgeni Akirudi Kwao, Nenosiri Libaki Kayole

SWALI: Kikundi chetu hapa Kayole husaidia watoto karibu 200 kwa karo na chakula. Mwezi ujao tunampokea kijana wa kujitolea kutoka Ujerumani. Atakaa miezi mitatu, na ameahidi kututengenezea programu ya simu ya kuweka rekodi badala ya madaftari. Tunaogopa akienda tutabaki mikono mitupu. Tufanyeje?
Katibu, Kayole

JIBU: Mpokeeni, lakini programu ya kujiundia ikataeni mapema. Ikikwama mwezi wa nne, mgeni akishaondoka, nani ataifungua? Afadhali atumie KoboToolbox, mfumo ulio tayari wa kukusanya rekodi kwa fomu: ina mpango wa bure kwa vikundi kama chenu, na fomu zake hujazwa kwenye simu ya Android hata bando likiisha.

Kabla ya fomu yoyote, fungueni barua pepe ya kikundi kwa laini inayobaki ofisini. Hapa ndipo wengi hunaswa. Mgeni hufungua kila kitu kwa barua pepe yake, msimbo wa kuthibitisha unaingia kwenye laini yake ya Ujerumani, na akishapanda ndege mmefungiwa nje. Mkitumia Gmail, Google hutoa misimbo 10 ya akiba ya kuingilia akaunti laini isipopatikana, kila mmoja wa tarakimu nane na wa kutumika mara moja tu. Ichapisheni, mweka hazina aifungie kwenye kasha. Mkitaka tovuti, anwani inayoishia .or.ke (ya mashirika yasiyo ya faida Kenya) isajiliwe kwa jina la kikundi.

Kwenye fomu, mtaa na shule viwe vya kuchagua, si vya kuandika. La sivyo “Soweto”, “soweto” na “Kayole Soweto” zitahesabika kama sehemu tatu. Namba ya mzazi iwekwe kama maandishi; ikiwekwa kama tarakimu, sifuri ya mbele hutoweka na 0722 inakuwa 722.

Fomu iliyojazwa hukaa ndani ya simu mpaka itumwe. Mtu akiifuta programu ya KoboToolbox ili apate nafasi ya video (na atapatikana wa kufanya hivyo), rekodi zimekwenda. Tumeni kila jioni, na kila Ijumaa katibu apakue nakala kwenye flashi.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto. Chukueni sahihi kwenye karatasi. Picha za watoto zisikae kwenye simu ya mgeni, hata awe mwema vipi.

Mwezi wa kwanza aunde, wa pili afundishe watu wawili, si mmoja, kwa sababu mmoja akipata kazi Mombasa mmerudi mlikotoka. Mwezi wa tatu asiguse kibodi. Mmoja wenu aongeze swali kwenye fomu, atume, apakue, huku mgeni ameketi pembeni. Madaftari yaendelee kujazwa hadi muhula uishe. Wiki moja kabla ya safari yake, badilisheni nenosiri na kumwondoa kwenye akaunti. Kitu kikigoma, bado yupo wa kuulizwa.