Mzee Isak si mzimu

Umeuliza kama mzee Isak wa Smultronstället, ile filamu ya mwongozaji wa Sweden Ingmar Bergman ya 1957, amekufa tangu mwanzo, kwa vile anaingia kwenye nyumba ya likizo ya ujana wake na hakuna anayemwona. Hapana, yu hai. Anakumbuka tu, ila Bergman hakumrudisha ujanani kwenye hizo kumbukumbu, kamwacha na mvi zake. Ndiyo maana inauma. Mwangalie Sara anavyochuma stroberi za mwituni: Sigfrid, nduguye Isak, anambusu kwa nguvu, kikapu kinamwagika, na Isak wa miaka 78 kasimama palepale. Isak anamwita, Sara hasikii. Na huyo alikuwa mchumba wa Isak. Sigfrid ndiye aliyemwoa.

Ile saa isiyo na mishale, na jeneza ambalo maiti yake ni yeye mwenyewe, hiyo ni ndoto ya alfajiri kabla Isak hajaondoka na gari Stockholm kwenda Lund, anakotunukiwa heshima ya miaka 50 ya udaktari. Mimi ndoto ya mtihani ndiyo hunikosesha raha: daktari mzima anakumbushwa kwamba wajibu wa kwanza wa daktari ni kuomba radhi. Kasahau!

Halafu jamani, msiitazame kwenye simu. Victor Sjöström, aliyeigiza Isak, alikuwa mwongozaji mkubwa enzi za filamu bubu. Uso wake pale mwishoni, anapowaona wazazi wake kando ya maji, baba anavua samaki, unataka skrini kubwa.