Nimefunga nyuzi za viola kwenye vayolini, C haitoki

Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga vayolini kwenye kwaya ya kanisani hapa Kirumba, Mwanza, nimefika gredi 5 ya ABRSM (bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza). Ndoto yangu nije kufundisha vayolini na viola (ile inayofanana na vayolini ila kubwa kidogo na sauti nzito zaidi) chuo kikuu. Viola sina, so nikanunua nyuzi zake nikazifunga kwenye vayolini yangu, ila uzi wa C umelegea na sauti imeziba. Kosa ni nyuzi au mkono wangu? Na huko chuo naanzia wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mkono wako hauna shida. Nyuzi za vayolini ni G D A E, za viola ni C G D A, na G yako ya chini inatetema kama mara 196 kwa sekunde wakati C ya viola ni kama 131 hivi. Uzi wa viola umepimwa kwa urefu wa viola, ukiuweka kwenye vayolini ambayo ni fupi inabidi uulegeze sana ndo ufike C, na uzi uliolegea upinde unauparua tu. Halafu hata ungekaza vipi, sanduku la vayolini ni sentimita 35 na nusu hivi, ni dogo mno kwa sauti nzito namna hiyo. Na viola yenyewe ni ndogo kwa sauti yake ujue, ingejengwa kwa hesabu kamili isingeshikika begani, ndo maana haina saizi moja, utakuta inchi 15, 16, hadi 17.

Hizo nyuzi zitoe. Huo uzi mnene ukiulazimisha kwenye kile kijifereji cha juu ya shingo unakipanua, ukirudisha G yako itakuwa inacheza. Ila usizitoe zote nne kwa mpigo!! Toa mmoja weka mmoja, maana ukilegeza zote daraja (kile kibao kinachobeba nyuzi) linaanguka na kile kijiti cha ndani nacho kinaweza kudondoka, na fundi wa kukisimamisha hayupo kila mtaa. Kuna seti za C G D A zinazotengenezwa maalum kwa vayolini ya 4/4 (saizi ya mtu mzima), hizo zinafaa kwa kuzoea vidole na kusoma, C bado itakuwa dhaifu lakini utajifunza.

Kusoma ndo kwenye kazi. Viola inasomwa kwa ufunguo wa alto (ile alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha nota zinakaa wapi), C ya kati inakaa mstari wa katikati. Wapiga vayolini wana ujanja wao, wanaisoma nota kama ya vayolini kwenye nafasi ya tatu (mkono ukiwa umesogea shingoni kuelekea mwilini) halafu mkono unabaki nafasi ya kwanza, na kweli vidole vinaangukia panapotakiwa. Mimi siupendi. Siku wimbo ukikupandisha nafasi ya tatu ya kweli unapotea, na ukiwa mwalimu mwanafunzi akikuuliza "hii nota gani" utabaki unahesabu kichwani. Soma majina ya nota taratibu, na kwa vile gredi 6 kwenda juu ABRSM wanataka uwe umepita nadharia ya gredi 5 kwa kawaida, huko huko utakutana na alto.

Chuo sasa. Hapa kwetu unaajiriwa kwa vyeti kwanza, vidole baadaye. Muziki ngazi ya shahada upo UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), upo chuo cha Makumira kule Arusha. Ukitoka na GPA kubwa unaweza kuingia kama TA (mkufunzi msaidizi), ukipata masters unakuwa mhadhiri msaidizi, PhD ndo mhadhiri kamili. Wapigaji wazuri wengi wanakwama hapo kwa sababu hawapendi kuandika, na mhadhiri asiyeandika hapandi. Wewe uko kwenye utajiri bwana, Waluo wa ukanda huu wa ziwa wana orutu, uzi mmoja na upinde, hiyo ni mada ya masters tayari, anza kuwarekodi wazee mapema kabla hujaulizwa pendekezo la utafiti.

Viola ya kweli utaihitaji tu, mtu hafundishi viola kwa vayolini iliyobadilishwa nyuzi. Ukienda kununua iweke begani, nyoosha mkono wa kushoto mpaka kwenye ile konokono ya mwisho, kiganja kiizunguke na kiwiko kibaki kimekunjwa kidogo. Kama mkono umenyooka kabisa, shuka inchi moja, hata muuzaji akisema kubwa ndo ina sauti.