Usiiwekee Obo Maikrofoni: Niliyojifunza Kuandaa Harambee ya Muziki Kisumu

Mara ya kwanza tulikusanya shilingi 140,000, na baada ya kumlipa kila aliyetudai tukabaki na 22,000. Mara ya pili watu walikuwa wachache zaidi, ukumbi mdogo, spika hata moja hakuna, na tukabaki na 98,500. Wanamuziki walikuwa wale wale wanne: wa fidla, wa viola (fidla kubwa kidogo), wa selo (kubwa zaidi, hupigwa umeketi) na wa obo, ala ya mbao ya kupuliza. Tangu hapo nimepigiwa simu na vikundi vya Kakamega, Busia na Nakuru vinavyotaka kufanya kama sisi, na swali la kwanza huwa lile lile: "Vyombo vya sauti mlikodi wapi?" Nawajibu kwamba vyombo ndivyo vilivyotumaliza.

Kikundi chetu ni cha wazazi wa watoto wenye selimundu. Mkaazi wa kanda hii ya ziwa hahitaji kuelezwa sana. Ugonjwa huu na malaria vimekaa pamoja hapa tangu zamani: aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni ikaenea hivi. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama ndiye mgonjwa. Binti yangu ni mmoja wao. Dawa inayompunguzia vipindi vya maumivu, haidroksiyurea, humezwa kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, na ndiyo tuliyoitafutia pesa.

Mimi ni mtu wa kwaya. Nasoma solfa, na ala za nyuzi nilikuwa nikiziona kwenye televisheni tu, mpaka binamu yangu anayepiga viola Nairobi aliponiambia kwamba yeye na wenzake watatu wako tayari kuja kutusaidia. Nilifurahi mno. Furaha hiyo ikanifanya niwaandalie makosa.

Tulikodi ukumbi wa watu mia nne, mahema ya nje, spika ndefu kuliko mtu, na tukaalika mgeni rasmi. Mgeni alichelewa karibu saa mbili. Mpiga obo alikuwa ameshalowesha majini mwanzi wake, ule wa mdomoni anaoupuliza, ukakauka, akaulowesha tena, ukakauka tena. Zikafuata hotuba tano. Wanamuziki walipoketi hatimaye kupiga, fundi wa sauti akasogeza maikrofoni mpaka mdomoni pa obo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya honi ya lori. Fidla haikusikika kabisa. Watu wa nyuma wakaanza kuzungumza, kisha wakaanza kuondoka, na wengi wao walikuwa hawajatoa kitu. Nilisimama kando ya jukwaa nikamwona binamu yangu akipiga kwa bidii yote sauti ambayo hakuna aliyeipokea, na iliniuma kuliko hesabu ya jioni ile.

Baadaye alinifafanulia jambo ambalo ningelijua mwanzo ningeokoa pesa nyingi. Muziki huu huitwa wa chemba kwa sababu ulitungiwa chumba. Kazi kubwa waliyotupigia ni ya Mozart, mtunzi wa Ulaya wa zamani, aliyoitunga Munich mwaka 1781 kwa ajili ya mpiga obo aliyeitwa Friedrich Ramm, na ni ya watu wanne tu. Hakuna anayesimama mbele kuwaongoza. Mpiga obo akivuta pumzi, wengine wanajua ni sasa. Mpiga selo akiinua nyusi, viola imeelewa. Ni mazungumzo ya watu wanne, na msikilizaji anayaelewa akiwa karibu kiasi cha kuwaona wakiangaliana. Ukiyapitisha kwenye spika, unabaki na kelele. Kwa hiyo mara ya pili tuliuza tiketi 86, tukakataa ya 87, na kiti cha mwisho kabisa kilikuwa hatua kama kumi na tano kutoka kwa wanamuziki.

Ukumbi uchagueni kwa masikio. Ingieni ukumbi ukiwa hauna watu, pigeni kofi moja, msikilize. Kofi likirudi mara mbili mbili kama ndani ya tangi, tafuteni pengine, au pazia nzito na watu wengi wa kuimeza sauti. Likifa papo hapo, obo itavumilia lakini fidla itasikika kavu. Sisi tulipata ukumbi wa zamani wa kanisa, kuta za mawe, dari ya mbao. Dari ni muhimu. Mabati yasiyo na dari, mvua ya Kisumu ikishuka, hata kwaya ya watu sitini haisikiki. Tena ulizeni majirani wana nini siku hiyo. Mkutano wa injili ukiwa ng'ambo ya barabara, hamna tamasha.

Na Jumamosi msithubutu. Huku kwetu Jumamosi ni siku ya mazishi. Nusu ya watu mnaowategemea wako ushago, na michango yao imeenda huko pia. Ndugu zetu Waadventista nao wako kanisani. Tulichagua Jumapili saa nane na nusu mchana, watu wakiwa wametoka ibadani na kula, na tukamaliza kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu mvua ya ziwani hupenda jioni. Ratiba ya mechi za Gor Mahia pia tuliitazama. Mwezi tulioulenga ni Juni, maana tarehe 19 Juni ni siku ya selimundu duniani na redio zinakuwa tayari kuzungumza nasi bila malipo.

Sasa niseme kuhusu wanamuziki wenyewe, kwa sababu hapa ndipo wenyeji wema hukosea bila kujua.

Mpiga selo anahitaji kiti kigumu, tambarare, kisicho na mikono. Kiti cha plastiki hupinda naye. Selo husimama kwa ncha ya chuma, na kwenye sakafu ya vigae ncha hiyo huteleza. Mwekeeni kipande cha zulia kilichobanwa na miguu ya kiti chake mwenyewe. Selo ikija kwa basi, ilipieni siti. Isiwekwe kwenye buti wala juu ya keria. Feni za ukumbi zitazimwa au zitapeperusha karatasi za nota, kwa hiyo wekeni vibanio vya nguo kwenye kila stendi. Stima ikipotea wao wataendelea kupiga mradi waone nota, basi muwe na taa nne za kuchaji tayari kando yao.

Obo ni mtoto wa pekee. Mwili wake mara nyingi ni mpingo, mti ule ule wanaouchonga Wamakonde, na mpingo mzuri hutoka huku huku kwetu, kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Niliposikia hivyo nilimwomba mpiga obo niishike. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na nikaacha kuiona kama kitu cha Wazungu. Mdomoni ina vipande viwili vyembamba vya mwanzi vilivyofungwa pamoja kwa uzi, na anayejua zumari ya Pwani atatambua kwamba hawa ni ndugu. Mwanzi lazima uloweshwe, kwa hiyo awe na kikombe kidogo cha maji karibu naye muda wote. Mpingo nao haupendi kushtuliwa: usitolewe kwenye chumba cha baridi ya mashine ukapulizwa papo hapo, unaweza kupasuka. Na kabla ya kupiga, mwenye obo huosha kinywa, kwa sababu sukari na makombo huharibu mwanzi. Msimbembeleze na soda na mandazi wakati anajiandaa, hata kama ukarimu unawawasha. Samaki wa Dunga tuliwapa usiku, baada ya kazi, na walikula wakashiba.

Joto letu lina jambo jingine. Ukumbi ukijaa, nyuzi za fidla hulegea kidogo na sauti yake hushuka, wakati obo ikipata joto sauti yake hupanda. Wanaachana. Ndiyo sababu watasimama kila baada ya kipande kutafutana upya, obo ikitoa sauti moja iliyotulia, ile wanayoiita A, mitikisiko 440 kwa sekunde, na wengine wakiifuata. Mara ya kwanza watu walidhani wameharibikiwa. Mara ya pili mshereheshaji alieleza kwa sentensi mbili, na nikaona ukumbi mzima ukisikiliza hata kule kutafutana.

Msimchoshe mpiga obo. Tundu analopulizia ni dogo sana hivi kwamba taabu yake ni hewa inayobaki kifuani bila pa kutokea, na midomo huchoka upesi. Tulianza na nyuzi tatu peke yao, obo ikaingia katikati, ikapumzika, ikarudi mwishoni. Muda wote wa muziki haukupita saa moja na robo.

Lakini aliyefungua siku hiyo alikuwa mzee wa orutu. Hili nalisisitiza kwa kila anayenipigia. Orutu ina uzi mmoja na upinde, na hakuna mtu wa Kisumu anayehitaji kuelezwa jinsi upinde unavyofanya uzi ulie. Mzee alipomaliza alibaki ameketi pale pale, fidla ikaanza kando yake, na watu wakaifuata kwa masikio yale yale waliyokwisha kuyafungua. Kule Bungoma ningemtafuta mpiga litungu, kinubi cha huko. Mlipeni, tena bahasha yake msiifanye ndogo eti kwa sababu ni wa nyumbani. Wetu alipata shilingi 5,000, sawa na kila aliyetoka Nairobi.

Msiogope kwamba watu hawatauelewa muziki. Sehemu ya tatu ya kazi ile ya Mozart ina mahali ambapo nyuzi zinakwenda kwa mwendo wa sita, na obo inajitenga ghafla na kwenda kwa mwendo wa nne, baa 13 hivi (baa ni kipimo kimoja cha mapigo), kila upande na hesabu yake na bado wanakutana. Mama mmoja wa Kakamega aliyeketi mstari wa pili alianza kutikisa bega. Baadaye aliniambia, "Dada, hiyo ni isukuti." Alikuwa amesikia ngoma kubwa na ndogo zikibishana. Sijawahi kusikia maelezo bora ya pale. Na wakipiga makofi kati ya sehemu moja na nyingine, waacheni; enzi za Mozart walipiga vile vile.

Kwa pesa nina ukali kidogo. Msizitumie namba za simu za mtu binafsi, hata za mwenyekiti mnayempenda. Fungueni paybill au till, yaani namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo, kwa jina la kikundi, akaunti iwe na watia saini wawili au zaidi. Ombeni kitu kimoja chenye bei: sisi tuliuliza bei katika maduka matatu ya dawa, tukaandika nyuma ya programu kwamba mchango wa kiasi fulani ni dawa ya mtoto mmoja kwa mwezi. Hapo mtu anatoa akijua anachonunua. Tiketi 86 za shilingi 1,000 zilileta 86,000, na vikapu pamoja na M-Pesa 61,500. Matumizi yalikuwa 49,000: bahasha za wanamuziki wanne na mzee, nauli pamoja na siti ya selo, chai, na uchapishaji. Malazi yalikuwa nyumbani kwa wanachama. Nota za Mozart hazina wa kudai, alifariki mwaka 1791, lakini mkitaka wimbo wa mtunzi aliye hai, mwombeni ruhusa mapema na mumlipe. Hesabu yote tuliibandika mlangoni pa ukumbi Jumapili iliyofuata, risiti kwa risiti.

Wapo walionishauri tuwapandishe watoto jukwaani ili watu waguswe. Nilikataa, na nitakataa tena. Mtoto wangu ana miaka tisa, anajua kuonewa huruma kunafananaje, na hakuja duniani kuwa bango. Watoto wetu waliketi mbele kama wasikilizaji wengine, na sweta na chupa za maji, kwa sababu baridi na kiu huweza kuwaletea maumivu. Aliyezungumza ni mama mmoja, dakika tatu, kabla ya kipande cha mwisho. Mgeni rasmi hakuwepo.

Binti yangu aliuliza kwa nini ile sehemu ya katikati, ya polepole, ilikuwa fupi vile. Nilipomfikishia mpiga obo swali hilo alikubali kuipiga mara ya pili, watu wakiwa tayari wanakunywa chai, na wengi wakarudi kuketi.

Kwa dada wa Nakuru aliyenipigia wiki jana: sisi hapa tuko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ninyi mko karibu 1,850, na hewa yenu ni nyepesi na kavu zaidi. Mwanzi uliochongwa ukaitika vizuri Kisumu huenda ukagoma huko. Mpiga obo wenu afike siku moja kabla, mpeni chumba tulivu, meza yenye mwanga mzuri na muda wa kuchonga upya. Na zulia la selo msilisahau.