Kwa Nini Dola Kubwa Humbana Jirani Mdogo?

Swali: Mhariri, nchi yenye ardhi, watu na silaha tele inamtafutia nini jirani yake mdogo, hata iingilie mambo yake? Je, si tamaa tu? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ndugu msomaji, tamaa ipo, lakini mara nyingi hutanguliwa na hofu, nayo hofu hiyo haimhusu sana jirani mwenyewe, bali adui wa mbali anayeweza kupitia kwake.

Tazama Ufini ya mwaka 1939, nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni 4. Mji wa Leningrad (leo St Petersburg) wa jirani yake mkubwa, Muungano wa Kisovieti, peke yake ulikuwa na zaidi ya milioni 3, na kutoka mpakani hadi mjini zilikuwa kilomita 32 hivi, mwendo wa siku moja kwa miguu. Oktoba mwaka huo Stalin, kiongozi wa Kisovieti, akihofia Ujerumani isije ikapitia Ufini, aliwaita Moscow wajumbe wa Ufini, wakiongozwa na Juho Kusti Paasikivi, akataka mpaka usogezwe nyuma na rasi ya Hanko ikodishwe kwa miaka 30. Naye angewapa eneo la Karelia ya upande wake wa mpaka, lililo kubwa takriban maradufu ya hilo alilolitaka. Ukipima kwa ukubwa wa ardhi tu, utasema ni haki. Hata hivyo, kwenye ardhi ile ya mpakani ndiko zilikokuwa ngome za Wafini, kwa hiyo walikuwa wanaombwa komeo la mlango wao wenyewe. Walikataa.

Tarehe 30 Novemba majeshi ya Kisovieti yalivuka mpaka. Kwa mkataba wa Machi 1940 Ufini ilipoteza mji wa Viipuri na sehemu kubwa ya Karelia ya upande wake, na watu zaidi ya 400,000 wakahama makwao, wengine wakiswaga ng'ombe wao kwenye theluji.

Sikubaliani na wanaosema kwamba hofu ya mkubwa, ikiwa ya kweli, inampa haki. Kabla ya vita hivyo Ufini ilikuwa imejitangaza kutofungamana na upande wowote. Mwaka 1941 ilipigana bega kwa bega na Ujerumani, na Leningrad ulipozingirwa, upande wa kaskazini ulizibwa na askari wa Kifini. Adui aliyeogopwa alikuwa ameumbwa na hofu yenyewe. Na Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Wafini, ambao kwa miongo mingi walikuwa wamejiepusha na ushirika wa kijeshi, waliomba kuingia NATO, wakapokewa tarehe 4 Aprili 2023 pamoja na mpaka wao na Urusi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,300.