Mwalimu, kabla ya kuuliza habari za kimo

Nafundisha Uraia kidato cha pili hapa Kigoma, si mbali na Ujiji. Nikifika mada ya ubaguzi mikono hunyooka yenyewe: kabila, dini, jinsia. Na hawakosi kutaja lile la kufika Dar ukaitwa Mrundi kwa sababu ya lafudhi ya Kiha, hata kama babu yako kazikwa Kasulu. Hilo wanalijua kuliko mimi.

Mwaka jana nikauliza, "Na kimo je?" Darasa likaangua kicheko, shingo zote zikageukia kwa kijana mmoja wa dawati la mbele. Wanamwita Andunje, yaani mtu mfupi mno. Na aliyelitamka jina hilo kwanza mbele ya wenzake ni mimi, siku moja nikiita mahudhurio, kwa utani tu.

Kwa hiyo usianzie kwa mfupi wa darasa. Anza na makosa yako. Kipindi kilichofuata niliwasimulia tulivyompata kiranja mkuu: walimu tulitaka "mwenye umbo la uongozi", na hakuna aliyeuliza ni umbo gani hilo. Kisha nikagawa vipande vya karatasi, waandike bila majina.

Nilitarajia malalamiko ya wafupi. Karatasi iliyonikalisha kitako ilitoka kwa mrefu: "Tangu darasa la tano naambiwa nimedanganya umri. Nikilia, naambiwa jitu zima linalia." Mwingine aliandika kwamba darasa likipiga kelele, fimbo huanzia kwake kwa kuwa ndiye anayeonekana. Hilo sikuwahi kuliwaza, na fimbo nyingine zilikuwa zangu.

Tukafungua Katiba ya 1977, ibara ya 13. Imetaja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia, hali ya maisha. Kimo hakimo. Nikawaambia kuwa jimbo la Michigan, Marekani, lina sheria ya 1976 inayotaja urefu na uzito waziwazi. "Na golikipa, mwalimu?" akauliza mmoja. Kipindi kizima kikaishia hapo, kazi gani inadai urefu kweli na ipi tumezoea tu. Waache wabishane, usiwahi kutoa jibu.

Yule kijana nilimwomba radhi pembeni, si darasani, asigeuzwe mfano mara ya pili. Akasema, "Yameisha, mwalimu." Wenzake bado wanamwita hivyo, chinichini.