Daftari la Vipimo vya Bibi Yako

Mwanangu,

Daftari unaloliulizia ninalo. Limo kwenye lile sanduku la chuma, chini ya vyeti vyangu vya ualimu, na kurasa zake bado zinasomeka. Umeniandikia kwamba umepika maharage mara nne na hata mara moja hayakufanana na ya Bibi, kwamba shangazi yako kakuambia niliwahi kumpimia Bibi vitu vyake vyote kwa mizani, na unauliza kwa nini nimekalia vipimo hivyo miaka yote hii bila kukupa. Una haki ya kuuliza. Ila kwanza ujue vipimo vyenyewe ni vya sufuria ipi.

Nilikuwa na miaka 24, mwaka wangu wa kwanza kufundisha kemia, na wakati huo niliamini kwamba kisichopimwa hakijulikani. Nikaja likizo na mizani niliyoiazima maabara, mawe yake yamepangwa kwenye kikasha cha mbao kuanzia kubwa hadi lile la gramu 1. Siku hiyo Babu yako alikuwa na wageni saba. Bibi alishachemsha maharage, yamelainika vizuri, yamebaki kuungwa tu. Akashika vitunguu, nikamwambia, "Mama, ngoja." Nikapima, gramu 240, nikaandika. Akachukua mafuta. "Mama, ngoja." Vitunguu vikaingia kwenye mafuta, akachota konzi ya chumvi, nikamwambia tena angoje. Akakunjua kiganja juu ya mizani, nami nikawa namkung'uta vidole kimoja kimoja, chembe isipotee.

Na alinitii. Hapo ndipo paliponiuma, na panauma mpaka leo. Mwanamke ambaye sijawahi kuona mtu akimwelekeza jikoni, si Babu yako, si mama mkwe wake, amesimama mbele ya jiko lake mwenyewe anangoja ruhusa ya mtoto wake atie chumvi.

Unajua ninachosema siku zote, wewe na kaka yako mmekua nacho: kitunguu hakiharakishwi. Siku ile ndiyo iliyonifundisha kwamba hakisubirishwi pia. Katika gramu 100 za kitunguu, karibu 90 ni maji. Maji hayo yakiwa bado yamo, joto la kitunguu halipandi sana kupita digrii 100, kwa hiyo hata ukiweka moto mkali namna gani kinachemka tu, hakikaangiki. Maji yakishatoka ndipo joto linapanda kufika digrii 140 na zaidi, sukari inashikana na asidi amino, yaani vile vipande vinavyojenga protini, na hapo ndipo rangi na ile harufu inayomtoa mtu kitandani vinapopatikana. Mfaransa Maillard aliandika habari za kushikana huko mwaka 1912. Nimewafundisha wanafunzi wangu jina lake karibu maisha yangu yote ya kazi. Bibi yako hakumsikia, na hakumhitaji, kwa sababu yeye alikuwa anasikiliza mafuta. Maji yakiwa mengi mafuta yanapiga kelele. Yakikaribia kuisha kelele inashuka, inakuwa kama mtu anayenong'ona, na kuanzia hapo muda uliobaki ni mfupi sana.

Kelele ilishuka nikiwa nimeinamia jiwe la gramu 2. Yeye alisikia. Nilimwona anageuza kichwa kuelekea jikoni. Lakini mkono wake nilikuwa nimeushika mimi.

Vitunguu viliungua. Si sana, lakini vya kutosha uchungu kuingia kwenye sufuria nzima, na wageni walikuwa tayari wamenawa. Wakala kwa adabu. Bibi akatoka, akasimama mlangoni, akasema, "Mniwie radhi, leo mkono wangu umeniangusha." Mwanangu, mimi nilikuwa nimekaa palepale, daftari liko mfukoni, na sikufungua mdomo.

Asubuhi yake alinijia nikiwa nafunga mizigo. Ameshika daftari, kalifungua yeye mwenyewe, akaniambia, "Hebu tuanze upya, nitangoja vizuri zaidi." Nitangoja vizuri zaidi! Nikamjibu basi litaniacha, tutapima likizo ijayo. Aliishi miaka 11 baada ya hapo. Likizo zilikuja nyingi. Mizani niliirudisha maabara na habari ile hatukuigusa tena, wala yeye wala mimi.

Kwa hiyo vipimo unavyovitaka ni vya sufuria pekee iliyowahi kumharibikia.

Nikikaa peke yangu huwa najibishana. Najiambia namba hazina kosa, gramu ni gramu, kilichoharibika ni muda, na muda sikuupima. Mtu akifuata namba zile na akasikiliza mafuta yake huenda akafika. Halafu najiuliza, je, siku ile mkono wake ulichota kama siku zote? Mtu akijua anaangaliwa hachoti vilevile. Nakumbuka kabisa alirudisha chumvi kidogo koponi kabla sijaipima, kitu ambacho hakuwa na desturi nacho. Hapo namba zote zinanitia shaka.

Shangazi yako ana neno lake: chakula cha Mama kilikuwa cha kawaida, ninyi mlikuwa na njaa. Tumebishana juu ya hilo kwenye harusi na kwenye misiba. Simkubalii. Lakini kuna utafiti wa mwaka 2001 uliofanyika Philadelphia ambao umenipunguzia ukali. Akina mama walikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito au miezi ya kwanza ya kunyonyesha, na watoto wao walipoanza kulishwa uji wenye ladha ya karoti, hawakuukunjia uso kama walivyoukunjia ule usio na karoti. Maana yake ladha ya jikoni kwa mama humfikia mtoto hata kabla hajazaliwa. Sasa mimi nilikuwa nakula maharage ya Bibi yako nikiwa bado tumboni mwake. Nitasimama wapi niseme nayaonja kwa haki? Ulimi unaotoa hukumu ameutengeneza mshitakiwa. Hata hivyo yalikuwa matamu. Hilo silirudishi nyuma.

Kuhusu ugumu unaoulalamikia, hilo ni jambo jepesi. Kwa kila meta 300 hivi unazopanda, maji hupungukiwa digrii moja kabla ya kuchemka. Huko uliko, meta 1,500 juu ya bahari, yanachemka kwenye digrii 95 tu. Bibi alipikia bondeni. Roweka usiku kucha, ongeza muda au tumia presha kuka, na nyanya usizitie mpaka maharage yawe yamelainika kabisa, kwa sababu asidi yake inayazuia kulainika. Na uliza muuzaji yamekaa ghalani muda gani. Maharage ya zamani yanakula kuni na hayaivi. Kitunguu je? Nimeshasema. Zima na redio unapokaanga.

Lipo lile la pili, ambalo kwenye barua hukuliandika lakini uliniuliza mlipokuja mara ya mwisho. Ulinipakulia, ukasimama na mwiko mkononi, ukasema, "Baba, yamefikia?" Nami nikaomba maji ya kunywa. Uliona kama nimekudharau, mama yako aliniambia usiku. Sikukudharau. Nilikuwa nimeonja, na nikaujua mkono niliouonja, ila haukuwa wa Bibi. Ulikuwa wa mama yako, wa miaka ile tulipooana, kabla daktari hajampunguzia chumvi. Sikuwa najua kwamba nimeukosa kiasi kile. Kama yamefikia ya Bibi, jibu ninalo, limenikaa kooni tangu siku hiyo, na mara mbili nimelianza kwenye karatasi hii nikalifuta. Silitoi. Mimi ndiye niliyemfanya mama yangu awaombe radhi wageni kwa kosa lisilo lake, sina ruhusa ya kupanga nani kamfikia nani.

Daftari nakutumia Ijumaa kwa mkono wa kaka yako. Nimelifunga kwa nailoni, usiliweke karibu na jiko. Kwenye ukurasa wa tano, penye chumvi, utaona nimeandika gramu 18 na kupigia mstari. Pembeni pana alama ya kidole chenye mafuta. Hicho si changu. Ni cha asubuhi ile alipolifungua.

Baba yako